Je, Kiamu cha Bibi Kinamharibia Mtoto Kiswahili Chake?

Swali: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu, na binti yangu yuko Gredi ya Nne. Wiki mbili zilizopita alirudi na insha iliyojaa wino mwekundu. Maneno "mtele", "mato", "ndia" na "tini ya meza" yalikuwa yamepigiwa mstari, na pembeni mwalimu ameandika "Andika Kiswahili sanifu". Mtoto alilia. Tunaishi na mamangu, ambaye hasemi ila Kiamu, lahaja yetu ya Kiswahili cha Lamu, naye ndiye anayeshinda na mtoto mimi nikiwa kazini. Jirani amenishauri nimwombe mama aseme naye "Kiswahili cha shule", au apunguze kusema naye mpaka mtoto apite mtihani wa Gredi ya Sita. Nashindwa kumwambia mama neno hilo, lakini pia sitaki mtoto aanguke. Je, Kiamu kinamharibia Kiswahili chake? Na kuna faida gani ya kukishikilia ikiwa chenyewe kinaondoka?

Jibu: Wa alaikum salaam, mwanangu. Mamako usimwambie neno hilo, wala usimpe mtoto nafasi ya kudhani kwamba bibi yake ndiye aliyemponza. Natanguliza jibu lenyewe ili moyo wako utulie, kisha nieleze kwa nini nasema hivyo, maana swali lako lina mambo mawili yaliyoshikana. Moja ni la daftari na mtihani, nalo lina dawa isiyo ngumu. La pili ni la lugha na watu wake, ambalo ni zito zaidi. Nimezaliwa Mkomani, nimefundisha Kiswahili kwa miaka 31, na swali kama lako nimeulizwa mara nyingi na wazazi wa Lamu, Pate na Siyu, ila wengi wao huja kwangu wakiwa wameshamnyamazisha mzee.

Mwalimu aliyeyapigia mstari maneno hayo alikuwa anafanya kazi yake, kwa sababu mtoto ameombwa insha kwa Kiswahili sanifu, na mtihani nao utamsahihisha hivyo hivyo. Alipopungukiwa ni pale alipoyatia maneno manne hayo katika kapu moja na makosa ya kweli, kama vile kusahau herufi kubwa au kuchanganya ngeli, bila kumweleza mtoto tofauti iliyopo, na mtoto akaelewa kwamba kinachosemwa nyumbani kwao ni Kiswahili kilichovunjika. Ukiyapanga maneno hayo kwa utulivu utaona kwamba hakuna kilichovunjika. Pale sanifu inaposema mchele, macho, mchanga, kucheka na chini, Kiamu husema mtele, mato, mtanga, kuteka na tini. Inaposema juu, jana, moja na kuja, sisi husema yuu, yana, moya na kuya. Njia, njaa na njoo ni ndia, ndaa na ndoo; nchi ni nti; vitu na vyombo ni zitu na zombo. Mtu anayekosea hukosea ovyo, leo hivi na kesho vile, lakini binti yako katika kila neno alilopigiwa mstari amefuata kanuni ile ile ambayo bibi yake anaifuata na ambayo bibi wa bibi yake aliifuata. Wataalamu waliozichambua lahaja za pwani wameonyesha kwamba Kiamu na Kiunguja, yaani lahaja ya Unguja iliyozaa sanifu, vimetoka kwa mzazi mmoja, na kila kimoja kimezigeuza sauti za mzazi huyo kwa njia yake. Hakuna kati ya viwili hivyo kilichozaliwa kwa kuharibika kwa mwenziwe.

Kanuni hiyo ina mipaka, na mipaka yenyewe inafundisha. Neno "chakula" na neno "chuo" hayageuki kwa Kiamu, kwa sababu "ch" yake imetokana na "ki" ya ngeli kukutana na irabu, na wingi wake kwetu ni zakula na zuo. Vilevile maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, kama haja na jamaa, yamebaki na "j" yake. Mtoto wa Lamu anayajua haya yote bila kufundishwa. Hata siku moja hutamsikia akisema "takula", wala "haya" akikusudia haja.

Jaribu jambo moja jioni ya leo. Mwombe mamako atamke "kuteka mai", yaani kuchota maji kisimani, kisha atamke "kuteka" kwa maana ya kucheka, nawe umtazame kinywa. Katika kuteka kwa kicheko ncha ya ulimi wake itagusa nyuma ya meno ya juu, na katika kuteka maji itarudi nyuma kidogo mpaka kwenye ufizi. Hizo ni sauti mbili tofauti kabisa kwake, na hawezi kuzichanganya, kama vile wewe usivyoweza kuchanganya "b" na "p". Wazee wa Mombasa nao wanazo. Alfabeti ya Kirumi tunayoandikia ina herufi moja tu ya "t", kwa hiyo tofauti hiyo haionekani kwenye karatasi, na mwalimu aliyetoka bara hana njia ya kuijua. Lakini ndani ya tofauti hiyo ndimo ulimo ufunguo wa tatizo la binti yako: katika maneno yetu ya asili, "t" ya meno ndiyo ambayo sanifu huiandika "ch", na "t" ya ufizi ndiyo inayobaki "t". Mato ni ya meno, basi ni macho. Nti ni ya meno, basi ni nchi. Mti, mtu na tatu ni za ufizi, basi hazibadiliki. Mtoto anayelelewa na mzee anayetamka vizuri anayo kanuni hiyo tayari ulimini, na kazi iliyobaki ni kumwonyesha kwamba anayo.

Miaka mingi iliyopita nilimfundisha mvulana wa miaka kumi hivi ambaye alikuwa ameambiwa kwamba "t" zake ni makosa, basi. Hakuelezwa zaidi ya hapo. Katika insha ya kueleza nyumba yao akaandika: "Nyumba yetu ina milango michatu na michi miwili ya miembe." Nilikaa na sentensi ile kwa muda mrefu. Kwa Kiamu chake angesema mitatu na miti, na kwa sanifu pia ni mitatu na miti, yaani hapo hapakuwa na la kusahihisha hata kidogo, lakini kwa kuwa alikuwa ameanza kuiogopa kila "t" inayotoka kinywani mwake, aliyageuza maneno yaliyokuwa sawa yakawa chatu wa porini na mchi wa kutwangia. Kosa lile lilizaliwa na hofu, na ndiyo sababu nakataa ushauri wa jirani yako, kwa sababu kumnyamazisha bibi kutamwondolea mtoto ile kanuni iliyo ulimini na kumwachia hofu peke yake.

Inafaa pia ujue hiki tunachokiita sanifu kilitoka wapi, kwa sababu watoto wetu hukipokea kana kwamba kilikuwapo tangu zamani na sisi wengine ndio tulioteleza. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kazi yake ya kamusi na sarufi aliijenga juu ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Miaka ishirini baadaye Edward Steere alifika Unguja, na vitabu vya misheni yake vikachapishwa kwa Kiunguja, ambacho tayari misafara ya biashara ilikuwa imekibeba mpaka Tabora na Ujiji. Kwa hiyo serikali za kikoloni zilipotaka lugha moja ya vitabu vya shule katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, mashindano yalikuwa kati ya Mombasa na Unguja. Mkutano uliokaa Mombasa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi hizo nne, ambayo ilivipitisha na kuvikataa vitabu kwa kipimo hicho. Siulaumu uamuzi huo moja kwa moja. Lugha moja ya maandishi imetuwezesha kusomana kutoka Lamu hadi Kigoma, na mimi mwenyewe nakuandikia kwa hiyo. Lakini ni uamuzi uliofanywa na watu kwa sababu za utawala na uchapishaji, na wala haukuwa hukumu kwamba Kiunguja kina akili zaidi au kina adabu zaidi. Kama ingekuwa ni suala la hazina ya maandishi, Unguja isingeweza kushindana na visiwa vyetu hivi katika karne ya 18 na ya 19.

Hili la hazina nataka ulishike, kwa sababu linahusu mabinti hasa. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi wa kumuusia namna ya kuishi, na akautunga kwa lugha hii hii ambayo mamako anaisema jikoni kwako. Utenzi ule uliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ukanakiliwa kwa mkono, na ukasomwa na wanawake kwa wanawake, vizazi baada ya vizazi. Sitaki kusema kwamba kila alichousia kinafaa kwa binti wa leo, na nina hakika wewe na mimi tungeyajadili baadhi ya mambo yake mpaka usiku. Ninachosema ni kwamba palikuwa na elimu nyumbani kabla ya shule ya serikali, elimu yenye maandishi, yenye vina na mizani, ambayo mama aliweza kumpa binti kwa ulimi wake mwenyewe bila kuomba radhi kwa mtu.

Na elimu hiyo nayo ilibadilika, kama lugha yake. Chukua neno "chuo". Katika Kiamu cha zamani chuo ni kitabu, na wingi wake zuo. Kisha mahali ambapo mtoto alikaa mbele ya kitabu pakaitwa chuoni, na kusoma chuoni kukawa na maana ya kusoma Kurani kwa mwalimu wa mtaa. Baadaye serikali ilipohitaji jina la mahali pa kufundishia walimu, mafundi na wauguzi, ikalichukua neno hilo, na leo chuo kikuu ni mahali ambapo binti yako, inshallah, atakwenda. Neno moja limesafiri kutoka karatasi mpaka mkeka wa madrasa mpaka ukumbi wa mihadhara, na hakuna aliyelilia njiani. Sikutajii hili kukufariji tu. Nataka uone kwamba nikisema Kiamu kitunzwe sisemi kigandishwe. Mamako mwenyewe hasemi kama zinavyosema tenzi za karne ya 19, na ukimsomea baadhi ya beti atakuuliza maana ya maneno yake kadhaa. Kubadilika ni kawaida ya lugha iliyo hai, kwa kuwa anayebadilisha ni msemaji mwenyewe, akiwa bado anaisema. Kinachonitia hofu ni kukatika, pale mtu anapoiacha kabla hajampa mwanawe.

Kukatika huku huja kwa milango miwili, na shule ni mmoja tu. Tume ya Gachathi, tume ya elimu ya Kenya, mwaka 1976 ilipendekeza mtoto wa madarasa matatu ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na kwamba penye mchanganyiko wa watu itumike Kiswahili. Kwa Mgiriama wa Malindi maana yake iko wazi, kwa sababu Kigiriama kina jina lake na kinatambulika kuwa lugha nyingine. Kwa mtoto wa Lamu sera hiyo iliteleza. Karatasini lugha ya nyumbani kwake ni Kiswahili, kwa hiyo alihesabiwa kuwa tayari anafundishwa kwa lugha yake, na Kiamu hakikupata hata ile nafasi ndogo ya miaka mitatu. Kisha mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Hiyo ilikuwa neema kubwa kwa nchi, na nilifurahi nayo kama mwalimu, lakini kwa mtoto wetu ilikuwa na uchungu wake, kwa maana lugha ya nyumbani sasa iligeuka kuwa somo analoweza kuanguka.

Jambo linaloniuma zaidi liko mbele kidogo ya safari hiyo hiyo. Mtoto aliyekatwa alama katika Gredi ya Nne kwa kuandika "mato" na "ndia" anapofika sekondari hupewa shairi, na katika shairi hilo hukutana na mato, ndia, moya na nti, kisha huulizwa maana ya maneno hayo kama yalivyotumika, na pia ataje uhuru wa mshairi uliotumiwa. Jibu linalotakiwa ni kwamba mshairi ametumia lahaja ili apate vina. Wanafunzi wa Nairobi na Eldoret huyakariri maneno hayo kutoka kwenye orodha. Wa kwetu aliyekuwa nayo bure kutoka kwa bibi amekwisha kufundishwa kuyaonea haya. Vivyo hivyo neno "runinga", ambalo binti yako ataandika na kupata alama, hutajwa kuwa ni ubunifu wa Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2017, ambaye maisha yake yote alisema kwamba Kiswahili kikipungukiwa na msamiati kwanza kitazame ndani ya lahaja zake. Shule imechota kisimani kwetu, halafu imemwambia mtoto asinywe.

Mlango wa pili ni nyumba zetu wenyewe, na hapa nazungumza kwa maana halisi ya nyumba. Nimekulia katika nyumba ya matumbawe na boriti za mikoko. Mgeni alikaa dakani, nje ya mlango mkubwa. Akikaribishwa alipita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, hadi kiwandani, yaani uani penye mwanga, kisha kulikuwa na msana wa tini na msana wa yuu, vyumba viwili virefu vinavyofuatana, na nyuma yake ndani, palipokuwa na zidaka ukutani za kuwekea vyombo na vitabu. Kila jina hapo lilibeba adabu yake: nani anafika wapi, nani anakaa na nani, sauti inapunguzwa kuanzia wapi. Mtoto alijifunza heshima kwa kujifunza majina hayo. Leo familia nyingi zimegawana nyumba hizo kwa kuta za matofali, wengine wamehamia nyumba za vyumba viwili na sebule, na hakuna mtu aliyekaa akaamua kuliua neno "msana". Hatuna msana, basi hatuutaji. Mji Mkongwe wetu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na kuta zake zinalindwa kwa sheria, lakini majina ya vyumba vyake hayana ulinzi ila vinywa vya watu kama mamako. Ukimwachia ampitishe mtoto katika nyumba moja ya zamani, chumba baada ya chumba, akimtajia majina na yaliyokuwa yakifanyika humo, atakuwa amempa somo la historia ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha darasa lake.

Hapa sina budi kukuambia la kwangu. Wanangu wawili wa mwanzo nilisema nao Kiswahili sanifu tangu utotoni. Mimi na mke wangu tulikuwa walimu, tulijivunia insha zao, na kwa kweli walipata alama nzuri. Mwaka wa mwisho wa maisha ya mamangu, kijana wangu alikuja kutoka Nairobi kumtazama. Mama alikuwa amelala, akamshika mkono, akamsimulia kwa utaratibu habari za safari ya babake ya jahazi, maneno mengi, labda kwa robo saa. Kijana alitikisa kichwa kwa adabu muda wote. Tulipotoka nje akaniuliza, "Baba, alikuwa anasema nini?" Mengi ya maneno aliyafahamu, lakini kamba iliyoyafunga ilimponyoka, na mamangu aliondoka akidhani amemwachia mjukuu wake kitu. Hakuna shule wala serikali iliyonilazimisha kufanya hivyo. Nilidhani namsaidia mtoto.

Sasa tuje kwenye la kufanya. Mnunulie binti yako daftari moja jipya na mligawe kurasa kwa mstari katikati, upande mmoja "Nyumbani" na upande wa pili "Darasani". Usianze na orodha yangu, anzeni na maneno manne ya insha ile ile, ili jeraha liwe mahali pa kuanzia kupona. Andika mtele na mchele, mato na macho, ndia na njia, tini na chini, kisha mwulize yeye mwenyewe ameona nini. Watoto wa umri wake hupenda mafumbo na atakwambia kanuni kabla hujamaliza kuuliza. Siku inayofuata ongezeni za "y" na "j", na nyingine za "zi" na "vi". Zile zisizogeuka pia ziandikwe, tatu na tatu, mti na mti, ili asije akafika kwenye milango michatu. Mwiteni bibi awe mwamuzi wa upande wa nyumbani: neno halipiti mpaka yeye amesema ndivyo linavyosemwa. Mwanao ataona kwamba mzee ana elimu ambayo mama na mwalimu hawana, na bibi naye ataacha kujihisi kuwa yeye ndiye ugonjwa wa nyumba.

Insha aiandike kwa sanifu yote, bila huruma. Hapa mimi ni mkali kuliko jirani yako. Akimaliza airudie mara moja akitafuta maneno ya upande wa nyumbani tu, kabla ya kutafuta makosa mengine, kwa sababu jicho linalotafuta kitu kimoja huona zaidi. Kwa mtoto wa Gredi ya Nne aliye mwerevu, na kilio chake kinanionyesha kwamba anajali, miezi mitatu au minne ya kazi hiyo kwa dakika chache kila jioni inatosha kuyaondoa maneno hayo kwenye insha zake bila kuyaondoa kinywani mwake. Miaka miwili iliyobaki kabla ya mtihani ni mingi mno kwa kazi hiyo.

Mwendee pia mwalimu wake, kwa upole, bila kubeba malalamiko. Mwonyeshe daftari. Walimu wengi wanaopelekwa Lamu kutoka mbali hawajawahi kuelezwa kwamba Kiamu kina kanuni, wanasikia tu watoto wanaosema kwa namna ya ajabu. Mwombe jambo dogo: maneno ya Kiamu ayapigie duara badala ya mstari, au aandike "K" pembeni, ili mtoto ajue hilo ni la kuhamisha kutoka upande mmoja kwenda wa pili na si la kuonea aibu. Nimeona walimu wa bara walioikubali njia hiyo wakawa ndio wanaowatafuta wazee kuliko sisi wenyeji.

Juu ya kuwa Kiamu kinaondoka, siwezi kukupa ahadi. Mji umebadilika sana. Makazi ya Mpeketoni yalileta watu wa makabila mengi tangu miaka ya 1970, gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa mwaka 2021, na vijana wetu wanafanya kazi, wanaoa na wanaolewa na watu wa kila upande, jambo ambalo mimi naliombea heri. Lugha ya sokoni itakuwa ya mchanganyiko. Lakini wingi wa wageni peke yake hauui lahaja. Huko Uswisi watoto wanaosema lahaja zao za Kijerumani majumbani huandika Kijerumani sanifu shuleni, na wasomi wao, mawakili na mawaziri huendelea kusema lahaja hizo barabarani bila kuona wamejishusha. Norwei bunge liliamua tangu mwaka 1878 kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya usemi wake mwenyewe, na mpaka leo mtu wa huko husikika katika redio ya taifa akisema kwa lahaja ya kijiji chake. Kinachowaunganisha ni kwamba wazazi hawakukaa mezani wakaamua lahaja ni mzigo kwa mtoto. Uamuzi huo huwa mdogo, wa siku moja, wa nyumba moja, kama ule uliopendekezewa na jirani yako.

Umeniuliza kuna faida gani. Binti yako akiwa na Kiamu ataweza kusoma tenzi za mji wake bila faharasa, atamwelewa mwalimu wa madrasa anapofafanua aya kwa lugha ya mtaa, atajua kwa nini mshairi amechagua "moya" mahali pa "moja", na atakapokaa kitandani pa bibi yake siku moja hatahitaji mtu wa kumfasiria. Kwa kuwa anasoma herufi za Kiarabu madrasani, nakushauri akizoea daftari hilo umpe la pili, aandike humo hadithi za bibi kama zinavyosimuliwa, kwa Kiamu kitupu, kwa hati yoyote anayoipenda, na humo asisahihishwe na mtu isipokuwa bibi mwenyewe. Mwanzo mzuri ni ile kuteka na kuteka. Mwache asikilize, ajaribu kuzitamka zote mbili, na aamue mwenyewe ataziandika vipi.